Dirii ya Mkamwana

Sanduku lilifika Jumamosi kwa pikapu kutoka Mbeya. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri na uwanja wetu ulikuwa tope tupu. Mtengeneza filamu alilibeba mwenyewe kifuani, akaruka madimbwi, akalitua barazani juu ya benchi ninaloshonea viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, baba. Umetuletea nini?"

"Askari wa nyota," akasema, akifuta mikono kwenye suruali. "Ila bado yuko vipande vipande."

Kijana huyu tulimfahamu tangu Pasaka. Alikuwa amekuja Mwaya kumtembelea ndugu yake, akaingia kanisani kwetu, akaona igizo la kaburi lililo wazi. Mkamwana wangu, yaani mke wa mwanangu, ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kufika kaburini. Baada ya ibada kijana alimtafuta, akamwambia kwamba anatengeneza filamu ya watu walioshuka kutoka kwenye nyota wakatua ufukweni mwa ziwa letu, na kwamba anamtaka yeye awe kiongozi wa askari wao. Sisi wazee tulidhani ni maneno ya sikukuu, yatakwisha pamoja na wali. Miezi ikapita, na sasa sanduku lilikuwa hapa.

Nililifungua. Ndani mlikuwa na maganda meupe ya plastiki, membamba kama ya ndoo, yaliyofinyangwa kwa umbo la viungo vya mtu: kifua, mgongo, tumbo, mabega, mikono, mapaja, miundi, na kofia ya kufunika kichwa chote iliyokuja katika nusu mbili. Kila ganda lilikuwa na kingo za ziada pembeni, kama kitumbua kilichofurika nje ya shimo lake. Kulikuwa na kijitabu cha picha, mipira ya kuvutika, vifungo vya chuma vya kubonyeza, na tepe zile zinazoshikana zenyewe na kulia zikiachanishwa.

"Mzee, nitasema ukweli," kijana akasema. "Vazi hili limetengenezwa kwa mwanaume mrefu wa huko ng'ambo. Kila kipande kinatakiwa kikatwe kimfuate mvaaji. Mbeya yupo dada mmoja mrefu, yeye litamkaa hivi hivi bila kazi kubwa. Lakini mimi namtaka wa kwenu, kwa sauti yake na kwa uso wake, maana kuna mahali anavua kofia. Tatizo kamera ni ya kukodi, na watu wangu wana siku zao. Ijumaa nitakuja. Akiweza kulivaa na kutembea nalo, Jumatatu tunaanza naye. Asipoweza, nitalichukua nimpelekee yule mwingine."

Alisema hayo akitazama tope, si mimi. Nilimshukuru kwa kutoficha.

Kwa zaidi ya miaka arobaini nimekuwa fundi viatu siku sita za juma na mwinjilisti siku ya saba. Ufundi nilifundishwa kwenye karakana ya misheni, na neno la Mungu nilifundishwa jengo la pili yake, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili limenichosha mabega zaidi. Sasa macho yamepungua, na mkono wa kulia hutetemeka asubuhi mpaka ninywe chai. Lakini kukata kitu kifuate mwili wa mtu, kukiunga na kukitia mikanda, kazi hiyo naijua. Kiatu nacho ni ganda la mguu.

Ugumu haukuwa plastiki. Ugumu ulikuwa kwamba mvaaji ni mkamwana wangu.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Akisikia sauti yako njiani, mkamwana huacha njia akaingia migombani mpaka upite. Hapiti mbele yako, hataji jina lako, hali chakula mahali ulipo. Wewe nawe, ukitaka kwenda nyuma ya nyumba, unakohoa kwanza ili apate kujisetiri. Wengi kati yetu Wakristo wameilegeza desturi hii, na wengine wameiacha kabisa. Wanakaa meza moja na wakamwana zao na nyumba hazijaanguka. Baba yangu aliishika, nami nikaishika, na sikujiuliza sana kwa nini. Ilikuwa ni adabu. Mkamwana wangu alilelewa Katumba Songwe na bibi yake, mwanamke wa zamani hasa, na alikuja kwetu akiishika kuliko mimi.

Aliolewa miaka kumi iliyopita. Mwanangu alifariki miaka sita baadaye, bila kuacha mtoto. Ndugu za mkamwana walikuja kumchukua, akakataa. Alisema, mama hana miguu, nani atamnyanyua? Na ni kweli, mke wangu ana ugonjwa wa viungo, hawezi kusimama bila kushikwa. Kwa hiyo kwa miaka minne mjane huyu alimwogesha mke wangu, akapika, akapanda mpunga, akapasua kakao na kuianika, na mimi nikala chakula cha mkono wake kila siku bila kuujua uso wake vizuri. Siku ya igizo la Pasaka nilitoka kanisani kabla hajaingia, nikasikilizia nje chini ya upenu. Nilimsikia akilia kaburini, nikasahau ni nani, nikalia nami.

Hakuwahi kutuomba kitu. Lakini Jumamosi ile, pikapu ilipoondoka, mke wangu aliniita kutoka chumbani.

"Mzee, anasema hivi. Kama baba amechoka, basi aache. Lakini kama anaweza, anaomba. Anasema hajawahi kuitwa mahali popote kwa ajili yake mwenyewe."

Nilikuwa nimechoka. Nikasema nitafanya.

Jumapili ni ya Bwana, hatukugusa kitu. Jumatatu asubuhi nikakaa kwenye benchi langu barazani, mgongo ukielekea mlango wa chumba. Mlangoni palikuwa na pazia la kitenge. Nyuma ya pazia mke wangu alikaa kwenye kigoda chake akiwa na uzi wangu wa kushonea, na mkamwana alisimama mbele yake apimwe. Nilikuwa nikitaja kiungo, mke wangu anapima, anafunga fundo.

"Bega mpaka nyonga," nikasema.

"Nimefunga."

"Umeuvuta uzi, au umeuacha ukalegea?"

"Mzee, mimi nimezaa watoto sita na kuwashonea sare wote. Usinifundishe uzi."

Mkamwana akanong'ona kitu.

"Anasema, mwambie baba uzi ulikuwa umekazwa."

"Nimesikia."

"Amesikia," mke wangu akamwambia. "Masikio anayo. Kinachompungukia mwinjilisti wetu ni imani."

Nikasikia wanacheka wote wawili, mmoja kwa sauti na mwingine ndani ya kiganja. Kisha uzi ukasukumwa chini ya pazia, una mafundo kumi na mawili, nami nikaupokea na kuulaza juu ya maganda.

Kijitabu kilionyesha kwa picha kwamba kwanza uache ziada, umvalishe mtu, ndipo ukate mara ya mwisho. Mimi sikuacha ziada. Kiatu nimekikata kwa kipimo cha kijiti maisha yangu yote, nikaona kijitabu kimeandikwa kwa ajili ya wasiojua. Nilikata dirii ya kifua, nikakata ganda la tumbo, nikapunguza mapaja kwa juu. Upana wa kiganja kizima ulianguka chini ya benchi, nami nikaona fahari kidogo kwamba mkasi wa bati bado unanitii.

Jumanne ilikuwa siku ya kusugua na kuunga. Joto la Kyela baada ya mvua ni kama kukaa ndani ya chungu kilichofunikwa. Nilichemsha maji katika chungu kikubwa cha wafinyanzi wa Ikombe, nikazamisha kingo zipate kulainika, nikazikunja zikiwa bado zinaunguza vidole. Nikapaka gundi ya viatu, nikabana kwa vibanio vyote vya nguo vilivyokuwamo nyumbani, hata shuka zilizokuwa kambani zikaanguka na kufuliwa upya. Vumbi jeupe la msasa lilinikaa kwenye nyusi. Kila nilipomaliza ganda moja nilinyoosha shingo, nikamshukuru Mungu kwa hilo moja, nikachukua jingine. Sikuwa na sala ndefu kuliko hiyo.

Mzee mwenzangu wa kanisa alipita akielekea kwenye mpunga wake, akasimama na jembe begani.

"Mwinjilisti, umeanza kufinyanga mabeseni?"

"Ni vazi."

"Vazi la nani?"

"La mkamwana."

Akatazama pazia, akanitazama mimi.

"Na kumpima, kapimwa na nani?"

"Na mama."

"Hapo sawa," akasema, na uso wake ukalegea. "Mbombo ngafu." Maana yake kazi ni ngumu, nasi huku hilo ni pole na kwaheri kwa pamoja. Akaenda zake.

Jumatano saa nne asubuhi vazi lilikuwa tayari. Nililipitisha kipande kwa kipande chini ya pazia na pembeni mwa pazia, nikarudi kwenye benchi nikageuza mgongo. Nikasikia vifungo vikibonyezwa kimoja baada ya kingine. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu mke wangu vidole vyake havikunjiki.

"Limekaa!" akaita. "Mzee, limekaa kama ganda la yai! Haya, mwanangu, tembea. Nyoosha mguu, tembea!"

Pa. Pa. Nikasikia vifungo vinaachia. Kisha kitu kikaanguka sakafuni kwa mlio wa beseni.

"Nini?"

"Mzee, tumbo liko nje."

"Liko nje vipi?"

"Liko nje lote. Kifua kiko juu, tumbo liko chini, na katikati ni kitenge."

Nikaagiza apimwe upya. Uzi ukarudi chini ya pazia, nikaulaza sambamba na ule wa kwanza. Fundo kwa fundo nyuzi zilikuwa sawa. Nikaagiza mara ya tatu, ikawa vile vile. Hapo nilikasirika. Nilimwambia mke wangu kwamba macho yake yamekwisha, naye akaniambia yangu yalikwisha kabla ya yake, na mkamwana akawa anarudia kwa sauti ndogo, "Mwambie baba aache tu, mama. Mwambie aache tu." Niliweka mkasi chini kwa nguvu isiyomfaa mtu anayehubiri uvumilivu, nikaondoka.

Nilikwenda hadi kwenye kakao, ng'ambo ya kisima, nikakaa juu ya gogo. Majani ya kakao yaliyoanguka ni mazito, yanalia ukiyakanyaga, kwa hiyo nilikaa bila kusogea ili nisikie kimya. Huko nilimwambia Mungu jambo ambalo sikulisema nyumbani. Nilimwambia kwamba vifungo vilipoachia, moyo wangu ulipumua. Asipokwenda huyu binti, kesho mke wangu ataogeshwa, uji utakuwa moto, na mimi nitakaa kwenye benchi langu kama jana. Nilimwambia sijui kama nilikata vibaya kwa uzee au kwa kutaka. Nilipewa tu nafasi ya kukaa nalo, na mbu wawili watatu.

Sauti ya mke wangu ikanifikia kutoka mbali. Alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Mzee! Rudi! Lakini usifike karibu!"

Nikaja hadi jikoni, nikasimama nyuma ya ukuta, nikakohoa.

"Usikohoe!" akasema. "Kukohoa kwako ndiyo taabu yenyewe. Haya, chukua." Uzi ukarushwa dirishani. "Hilo fundo jekundu ndilo la sasa hivi."

Alikuwa amefunga kipande cha kitambaa chekundu. Kilikuwa mbele ya fundo la zamani kwa upana wa kiganja changu.

"Kipimo hiki cha nani?"

"Cha huyu huyu."

"Amerefuka?"

"Alikuwa ameinama," mke wangu akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ukiwa barazani mtoto huyu hanyooki. Anaushusha mgongo na magoti kidogo, kama mtu anayepita chini ya mlango mfupi. Mimi niko chini kwenye kigoda, nimemzoea hivyo, sikuona. Ulipoondoka nikasema hebu tupime mara ya mwisho, akanyooka. Mzee, nilishangaa. Binti ni mrefu."

Nilishika ukuta. Hata Jumatano ile, ndani ya plastiki ya watu wa nyota, alikuwa ameinama kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili wa tofali. Na si Jumatano tu. Nyumba yangu ni ndogo. Mimi huwa sehemu fulani ya nyumba hiyo kila siku, na miaka ni kumi.

"Sasa," mke wangu akasema kupitia dirishani, "utamshonea vipi mtu ambaye ukimkaribia anabadilika urefu?"

Plastiki iliyokatwa hairudi. Iliyobaki ilikuwa Alhamisi. Kuziba pengo la tumboni kulihitaji mvaaji asimame wima, na fundi awe karibu naye, mkono kwa mkono, kwa saa nyingi. Fundi mwingine hapakuwa na nafasi ya kumtafuta. Jioni tulisali, mimi na mke wangu, na baada ya amina alisema, "Desturi hii si ya kwako peke yako kuivunja. Muulize na mwenyewe."

Alhamisi asubuhi nilisimama mbele ya pazia.

"Mwanangu," nikasema.

Nikasikia nguo zikichakarika.

"Ameshachuchumaa," mke wangu akasema.

"Mwanangu, nimekosea mimi, si wewe. Nimekukatia vazi fupi kwa sababu sikujua urefu wako. Nataka kulitengeneza, na siwezi kulitengeneza bila kukuona. Ukikataa sitakulaumu, bibi yako alikufundisha vema. Nitamwambia yule kijana kwamba kosa ni la fundi."

"Baba anasema hivi," mke wangu akaanza.

"Nimesikia, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake nzima ndani ya nyumba yangu. Ni sauti nene kuliko nilivyodhani. Kisha akasema, na safari hii hakusema na mama:

"Mimi nataka kwenda, baba. Ila sijui kama mgongo utakubali."

Alipokwisha kuvalishwa vazi, nikafungua pazia. Alikuwa amesimama akiutazama ukuta, vazi likiwa juu ya suruali nyeusi na fulana nyeusi ya mikono mirefu, mkono mmoja umeshika nguzo ya kitanda. Mimi nilitazama sakafu kwanza, nikaona visigino vyake, vimepasuka kwa maji ya mpunga. Visigino nilivifahamu, ndala zake nimezitia viraka mara nyingi. Nikaanza kutoka hapo kwenda juu.

Nilikuwa nimenunua tyubu kuukuu ya trekta kwa ajili ya kuzibia. Niliikata vipande virefu vyenye upana wa vidole viwili, nikavipanga juu ya pengo kimoja kikilalia kingine, kama magamba ya samaki, ili vivutike akinyooka na virudi akiinama. Kila kipande nilikitoboa kwa keekee ya mkono, nikakipigilia ribiti upande wa kifua na upande wa tumbo. Wazo lilikuwa jepesi. Kazi haikuwa nyepesi, kwa sababu kila nilipovuta pumzi nyuma yake alishuka kidogo, na kipimo kikapotea.

"Nyooka!" mke wangu akamgonga gotini na mkongojo wake. "Askari wa nyota gani huyu, anatafuta sindano chini?"

"Najitahidi, mama."

"Jitahidi kwenda juu."

Akacheka, na alipocheka alinyooka, nami nikapiga ribiti mbili haraka. Nikajua njia. Kila nilipotaka kupiga ribiti nilimtazama mke wangu, naye akasema neno la kuchekesha, la jirani au la kuku au la mahubiri yangu marefu, na kipande kikaingia mahali pake. Mpaka adhuhuri mke wangu alikuwa amemaliza vichekesho vyote vya miaka hamsini ya ndoa, na vingi vilikuwa juu yangu.

Ilinibidi kumwambia ageuke. Aligeuka amefumba macho. Mimi nilitazama bega lake la kushoto na sikuliacha, mikono ikafanya kazi yenyewe. Mgongo wangu uliniuma hadi nikapiga magoti, na kutoka hapo nikafanya mapaja. Nje kuku walikuwa wanakula punje za kakao kwenye mkeka na hakuna aliyekwenda kuwafukuza.

"Baba," akasema, "hapa panabana."

Nikainua kichwa. Alikuwa amefumbua macho.

"Wapi?"

"Chini ya kwapa. Nikiinua mkono."

"Inua."

Akainua. Nikaona panapobana, nikaparua kwa msasa. "Sasa?"

"Sasa hapana."

Ni hayo tu tuliyosema. Nimeongoza mazishi na harusi nyingi, nimesema maneno makubwa mbele ya watu, lakini nilipotoka chumbani jioni ile nilikaa kwenye benchi langu nikiwa sina nguvu hata ya kuvua viatu, nikayakumbuka hayo madogo.

Ijumaa kijana alikuja mchana. Mzee mwenzangu wa kanisa naye alikuja. Alisema anapita tu, lakini siku hiyo hakuwa na jembe. Nikampa kiti karibu nami barazani. Kijana akasimama kando ya pikapu yake, mikono kifuani.

"Atoke hapo mlangoni," akasema, "apite mbele ya baraza, aende mpaka barabarani, arudi. Bila kushikiliwa. Nataka nione anavyotembea."

Pazia likasogezwa. Akatoka akiwa mweupe mwili mzima, na tumboni na mapajani zile pete nyeusi za mpira. Kofia ilikuwa kichwani. Hatua tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Hatua ya nne ilimleta mbele ya wazee wawili waliokaa, na hapo nikaona jambo ambalo lilikuwa likitendeka miaka yote bila mimi kulitazama. Magoti yalilegea, mabega yakaja mbele, kichwa kikashuka. Kifungo kimoja cha begani kiliachia, pa. Akasimama palepale, ameinama, ndani ya dirii.

Mzee mwenzangu aligeuza uso pembeni haraka, kama inavyopasa, kumpa nafasi. Kijana alikunja paji la uso. Nilijua anachofikiria, anamfikiria yule dada wa Mbeya.

Mimi sikugeuza uso. Neno lolote lingemwinamisha zaidi. Nilimtazama tu, pale kwenye matundu ya kofia ambapo macho yalipaswa kuwa, na sikuondoa macho, ingawa shingo nzima iliniunguza kwa haya. Hicho ndicho pekee nilichokuwa nacho cha kumpa. Tukakaa hivyo. Kisha akaanza kupanda, polepole, kama mtu anayejitwika gunia la mpunga peke yake. Magoti kwanza. Halafu kiuno, na mipira ikavutika kipande kwa kipande na hakuna uliokatika. Halafu mabega. Alipofika juu alikuwa mrefu kuliko kijana.

Akapita mbele yangu. Akaenda barabarani, akageuka, akarudi, akavua kofia, na uso wake ulikuwa umelowa jasho, ukitazama mbele.

"Hizi pete nyeusi nani kazifikiria?" kijana akauliza.

"Ni kosa," nikamjibu. "Nilikata vibaya, nikaziba."

"Ni nzuri kuliko za kwenye picha." Akamgeukia. "Dada, Jumatatu asubuhi uwe tayari."

"Ndaga," mkamwana akasema. Asante. Sijui alimwambia nani kati yetu.

Mzee mwenzangu alinyanyuka, akanisogelea sikioni. "Mwinjilisti, umemtazama mkamwana usoni mbele ya watu. Wataongea."

"Wacha waongee."

"Jumapili utatueleza."

"Nitaeleza," nikasema, na nilieleza. Wengine walielewa, wengine bado wanaelewa.

Alifanya kazi na watu wa filamu majuma matatu huko Matema. Walipomaliza, walimwomba abaki nao Mbeya kwa kazi nyingine, na alirudi kutuomba ruhusa. Alisimama mlangoni akiomba, nami nilikuwa nimekaa. Mke wangu alilia na kumwambia aende. Mimi nilimwombea, nikamwambia aende.

Sasa mimi ndiye ninayemnyanyua mke wangu asubuhi. Mpwa wangu huja mara mbili kwa juma kufua na kumwogesha, siku nyingine ni zangu. Nimejifunza kupika ndizi zisiungue chini. Viatu vya watu vinakaa wiki mbili bila kushonwa na wenyewe wananung'unika kwa adabu. Mwili umechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi, na simlaumu mtu. Mungu amenipa siku hizi nizitumie, nami nazitumia.

Yeye hupiga simu siku za Jumapili baada ya ibada. Zamani angeongea na mama tu. Sasa mama akimaliza, anasema, "Nipe baba," na mke wangu ananibandika simu sikioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama amekula?"

"Amekula."

"Na wewe?"

"Nami nimekula."

Halafu tunanyamaza wote wawili, maana hatujazoea kuzungumza na hatujui watu husema nini baada ya hapo. Nasikia magari ya Mbeya yakipita nyuma yake. Naye nadhani anasikia kuku wetu. Hakuna anayekata simu.